Muhula wa Nusu Kikombe

Jumatatu, 6 Mei

Aliyekufundisha kuingia nyumbani kwa mtu na kuuliza soketi iko wapi kabla hujatoa salamu, huyo amekula mshahara wa bure. Nimemwambia hivyo hivyo mjukuu wangu, usoni, bado amesimama mlangoni na begi mgongoni na simu iliyozimika mkononi. Akacheka. "Shikamoo bibi." Sasa hiyo ni shikamoo gani, ya kukumbushwa kama dawa?

Amekuja kukaa kwangu muhula huu. Yuko chuo kikuu, mwaka wa mwisho, anasomea ualimu wa hesabu, na chuo kimewatawanya wote mashuleni wakafundishe watoto wa kweli badala ya kuandika insha kuhusu watoto. Shule aliyopangiwa iko nyuma ya kiwanja, kengele yake naisikia nikiwa jikoni. Mkaguzi wa chuo atakuja mara mbili kumtazama akifundisha. Asipopita, anarudia mwaka mzima. Haya yote amenieleza akiwa amepiga magoti chini ya meza anatafuta soketi.

Kila siku lazima aandike shajara ya kazi, ndivyo chuo kinavyotaka. Alikuwa na daftari la ziada, akanipa. "Na wewe andika bibi, tushindane." Mimi niliishia darasa la nne, lakini mwandiko wangu unasomeka. Wake ni kama kuku kapita kwenye unga.

Nimempa chumba cha marehemu babu yake. "Karibu kwa mume wako," nikamwambia.

"Asante, mke mwenzangu. Mbona kitanda chake kifupi?"

"Alikuwa mfupi. Ulitaka nikufiche?"

Jumanne, 7 Mei

Mvua. Kaingia na viatu vya tope mpaka sebuleni. Nimesema.

Alhamisi, 9 Mei

Nilidhani nimepata mtu wa kuzungumza naye. Nimepata mtu wa kula huku macho yako kwenye kitabu. Namwambia mvua imeingia jikoni, ananijibu "Mm." Namwambia jikoni pameungua, "Mm." Nikamwambia mimi nimekufa tangu jana. Akanyanyua kichwa, akasema, "Pole bibi."

Jioni yangu naitengeneza mwenyewe, kama zamani. Nachemsha chai, naitia kwenye chupa, natoa vikombe viwili kwa mazoea, kimoja narudisha kabatini. Namimina nusu, nakunywa, nainuka, namimina nusu nyingine. Leo huyu ameliona hilo.

"Bibi, kikombe chako kina ufa juu?"

"Kina mwenyewe," nikamjibu. Akarudi kwenye kitabu.

Jumapili, 12 Mei

Binti yangu, mama yake huyu, amepiga simu kama kila Jumapili. "Mama, uko salama?" Salama. "Huumwi?" Siumwi. "Haya mama, tutaongea." Kwake "tutaongea" maana yake ndiyo tumemaliza.

Jumatano, 15 Mei

Leo jioni nilisikia mtu anaongea chumbani kwa sauti ya kupokea wageni. "Karibuni, karibuni, tulieni." Nikafurahi, nisiseme uongo. Nikavaa kitambaa kizuri kichwani, nikapanga vikombe vitatu kwenye sinia, nikaenda. Nachungulia mlangoni, hakuna mgeni. Anafundisha kabati la nguo. Na siyo kulifundisha tu, ameliandika chaki mlango mzima! Kabati la mbao ngumu, lililopita mikononi mwa babu yake kila asubuhi na kitambaa kikavu.

Nilisema maneno ambayo sitayaandika. Alipoona nimemaliza akauliza, "Bibi, unaweza kukaa hapo uwe mwanafunzi wangu? Kabati haliitikii."

Nikakaa. Nilikuwa nimekwisha kuvaa kitambaa.

Akaandika: sita gawanya kwa nusu. "Jibu ni ngapi?"

"Tatu."

"Hapana bibi. Kumi na mbili." Akaeleza. Ile nusu ni moja juu ya mbili. Unaigeuza juu chini inakuwa mbili juu ya moja, halafu unazidisha. Geuza juu chini, halafu zidisha. Kachora mishale. Sauti yake nzuri, lazima niseme, na mkono wake unacheza vizuri hewani. "Umeelewa bibi?"

Sikuelewa kitu. Mimi tangu nizaliwe, nikigawa kitu changu kinapungua. Huyu anagawa sita anapata kumi na mbili, na hashangai. Lakini alikuwa amenitazama usoni, mara ya kwanza tangu afike. Halafu huyu nilimfundisha mimi kufunga kamba za viatu. Nimwambie sijaelewa?

"Nimeelewa," nikasema.

Akanibusu kichwani juu ya kitambaa. "Kesho tena, bibi."

Alhamisi, 16 Mei

Tena. Nimeelewa.

Ijumaa, 17 Mei

Tena. Nimeelewa. Siku hizi navaa miwani kabla hajaniita.

Jumapili, 19 Mei

Salama. Siumwi. Tutaongea.

Jumanne, 21 Mei

Fundi cherehani wa mlango wa pili amenichungulia dirishani leo. "Bibi, mbona siku hizi unaimba? Geuza juu chini, geuza juu chini. Ni wimbo gani huo, na mimi niucheze?"

"Ni hesabu, wewe."

"Hesabu? Hebu nielekeze, mimi hapa nakata vitambaa kutwa nzima."

Nikamwambia chungu changu kinaungua. Sikuwa na chungu motoni.

Alhamisi, 23 Mei

Amesahau makaratasi yake makubwa aliyochora usiku, yale ya kubandika ukutani. Nikayakunja vizuri, nikayatia ndani ya mfuko yasilowe, nikaenda shuleni mwenyewe na goti langu hili.

Nimefika wakati wa mapumziko. Walimu wamejaa ofisini kwao, wanacheka, kila mtu na kiti chake. Yeye hayumo. Nikazunguka nyuma ya darasa. Nikamwona amesimama karibu na tangi la maji, ameegemea ukuta, anakula kwenye kopo nililomfungia asubuhi, anakula haraka haraka kama mtu aliyeiba. Simu iko mkononi lakini haitazami. Watoto wanapita mbele yake wanakimbia, hakuna anayemwita.

Jioni zote hizi namuuliza, wenzako wakoje? Anasema, "Wazuri sana bibi, tunacheka tu."

Sikumwita. Angejua nimemwona. Makaratasi nimempa mlinzi wa getini, nikarudi nyumbani polepole. Alipoingia na tope sikusema. Akaniuliza kama naumwa.

Jumapili, 26 Mei

Mama yake kamuuliza na yeye kwa simu, "Mwanangu, kazi inaendaje?" Inaenda vizuri mama. "Haya, tutaongea."

Tulikuwa tumekaa meza moja, sisi wawili wazima, salama kabisa.

Jumatatu, 27 Mei

Kesho mkaguzi. Nimempigia pasi blauzi, kola nimeirudia. Tumefanya somo lote mbele ya kabati. Nimeitikia kila mahali pa kuitikia.

Jumanne, 28 Mei

Leo naandika mengi.

Alirudi kabla ya kengele ya mwisho. Akaja moja kwa moja akakaa kwenye kiti changu, kile ninachokalia nikiwa mwanafunzi, na viatu miguuni.

"Bibi. Kwa nini tunageuza?"

"Kugeuza nini? Kula kwanza."

"Ile nusu. Kwa nini tunaigeuza juu chini?"

"Si ndivyo ulivyosema wewe?"

"Ndiyo, lakini kwa nini?"

"Unanitahini? Mimi? Ndani ya nyumba yangu?"

Nikachukua vikombe, vilikuwa safi, nikaenda kuviosha. Akanifuata mpaka mlango wa jikoni, akanieleza yote nikiwa nimempa mgongo.

Mkaguzi ni mama mfupi mwenye raba miguuni. Hakutaka kiti cha mbele, alikwenda kubanana na watoto kwenye dawati la nyuma. Somo likaenda kama maji. Watoto wameimba, geuza juu chini, halafu zidisha. Akawauliza, mmeelewa? "Ndiyooo mwalimu!" Majibu yote sahihi ubaoni. Ndipo yule mama akanyoosha mkono kama mtoto, akaomba ruhusa, akamuuliza mmoja, "Kwa nini mnaigeuza?"

"Kwa sababu mwalimu amesema."

Darasa likacheka. Akamuuliza wa pili, akatazama dari. Wa tatu akaanza kulia.

Nje akamwambia, "Umewafundisha wimbo. Wimbo mzuri. Hesabu bado." Na akamwambia asiwaulize tena watoto kama wameelewa. Mtoto ukimuuliza hivyo anakupa unachotaka kusikia, ili umwache. "Uliza swali lingine," akasema. "Swali ambalo ndiyo peke yake haitoshi kulijibu."

"Nikamwambia bibi yangu ameelewa," mjukuu akasema, sauti inamkatika. "Nikamwambia aliishia darasa la nne, na kila jioni namfundisha, na ameelewa. Nilijivuna, bibi. Akaniambia, basi nenda kamuulize."

Maji yalikuwa yanamwagika tu.

"Sasa nakuuliza," akasema.

Nikasema vikombe havijioshi.

Akaenda chumbani akafunga mlango. Mlango ule haukuwa umefungwa tangu siku walipomtoa babu yake. Mimi huuacha wazi.

Alhamisi, 30 Mei

Mvua imekatika, baridi imeingia. Kabati limefutwa. Anakula, anasema asante, anaingia, anafunga. Nilikaa kwenye kiti na miwani yangu mpaka chai ikapoa. Hakuniita.

Ijumaa, 31 Mei

Nimemsikia kupitia ukutani anamwambia mtu kwenye simu kwamba labda ualimu si kazi yake, labda aache kabla ya kufukuzwa. Mtu mwenyewe sijui ni nani. Si mama yake.

Jumamosi, 1 Juni

Nimebisha hodi kwenye chumba changu mwenyewe.

"Sikuelewa," nikasema nikiwa bado mlangoni, maana ningekaa ningebadilisha mawazo. "Siku ya kwanza sikuelewa, ya pili sikuelewa, na ya mwisho niliitikia kama kasuku. Hizo hesabu zako sizijui hata kwa harufu."

Alikuwa amelala amejikunja, kitanda chenyewe kifupi. Akaketi. "Sasa kwa nini ulisema umeelewa?"

"Ungeniacha ukarudi kuongea na kabati."

Akanitazama. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, hasira naijua. Akasogea pembeni kitandani, akapigapiga mahali pa kukaa, kama mimi nilivyokuwa nikimfanyia yeye.

"Umekwama wapi, bibi?"

Tangu aje hakuwahi kuniuliza hivyo. Nikamwambia. "Nikigawa changu, kinapungua. Kwako kinaongezeka. Kwanza nionyeshe hizo sita nyingine zimetoka wapi, halafu nitageuza chochote unachotaka."

Akachora maduara akayakata katikati. "Sijaelewa," nikasema. Akakunja karatasi. "Sijaelewa." Akatafuta maneno mengine. "Sijaelewa, na usipige kelele." Neno hilo likishatoka mara moja, ni tamu sana. Nililisema mpaka akaanza kucheka.

Tukahamia sebuleni. Nikainuka kumimina chai. Nikamimina nusu, kama kawaida. Nikanywa, nikainuka tena. Nageuka, namwona ameshika kalamu hewani ananikodolea macho.

"Bibi, chupa hii inajaa vikombe vingapi?"

"Sita. Tangu siku ya harusi."

"Na wewe unamimina nusu nusu. Unainuka mara ngapi mpaka iishe?"

Hilo halikuhitaji kufikiri, magoti yangu yanajua. "Kumi na mbili."

Nikaitazama chupa mkononi.

"Chai haijaongezeka," nikasema polepole. "Ni ile ile. Kilichoongezeka ni kumimina. Kwa sababu ninachomimina ni kidogo."

"Na kila kikombe kinakupa kumimina kungapi?"

"Kuwili. Sita, mara mbili..." Nikaweka chupa chini. "Ndiyo hiyo ya kugeuza juu chini? Hiyo tu? Wiki zote hizi unanichorea mishale?"

Alirukaruka sebuleni kama mtoto wa darasa la kwanza, halafu akakimbilia daftari akaandika, akaandika. Baadaye, bila kunyanyua kichwa, akauliza, "Lakini kwa nini nusu, bibi? Kwa nini hujazi?"

"Nikijaza, chai inakwisha na jioni bado ipo, imekaa pale inanitazama. Nikimimina nusu, nina kazi ya kuinuka."

Kalamu ikasimama. Hilo hakuliandika.

Jumapili, 2 Juni

Simu. Salama. Siumwi. Mjukuu alikuwa ananitazama wakati nasema. Nikamwonyesha mgongo.

Jumatano, 5 Juni

Kila jioni yuko na mimi, na mimi sasa ni mwanafunzi mbaya kweli kweli. Simpi hata ndiyo moja ya bure. Jana alitaka kunipitisha haraka kwenye robo, nikamshika mkono. Fundi cherehani amekuja kusikiliza na pini zake mdomoni. Akauliza swali hata mimi sikulifikiria, mjukuu akalala na swali hilo, asubuhi akaniamshia jibu.

Jumatatu, 17 Juni

Anataka chupa yangu aende nayo kesho mbele ya mkaguzi.

"Hiyo ni chupa ya mume wangu."

"Mume wetu."

Nimempa. Nimemwambia ikivunjika na yeye asirudi.

Jumanne, 18 Juni

Nimekaa dirishani kutwa kama mwenye mgonjwa hospitali. Bila chupa, sikunywa hata chai. Kengele ikalia, watoto wakatoka, yeye hatoki. Jua likaenda upande wa pili wa kiwanja. Ndipo nikamwona anakuja amekumbatia chupa kwa mikono miwili, anatembea katikati ya njia.

Alivua viatu mlangoni. Akatoa salamu. Mpaka hapo sikujua ni heri au shari.

"Somo halikuisha, bibi. Kengele imelia bado tuko katikati."

"Halafu?"

Watoto walimimina maji kwa zamu. Wawili wakagombana, mmoja anashikilia nane, mwingine kumi na mbili, darasa likagawanyika, maji yakamwagikia raba za mkaguzi. Msichana mmoja asiyesema kamwe alisimama akasema, "Mimi sijaelewa," wenzake wakaanza kumzomea. "Nikawanyamazisha, bibi. Nikamuuliza, umekwama wapi? Akaniambia. Na nusu ya darasa walikuwa wamekwama hapo hapo alipokwama yeye." Msichana yule ndiye aliyemaliza ugomvi, kwa kumimina mwenyewe.

"Na mkaguzi?"

"Akasema safari ile alisikia sauti yangu peke yake. Leo ilibidi anitafute." Akaiweka chupa mezani. "Nimepita."

Nikamwambia nilijua. Sikujua lolote.

Halafu akasema, kama jambo dogo, kwamba mwalimu mwenye darasa alimwita ofisini baada ya pale, akamsogezea kiti, wakazungumza, ndiyo maana amechelewa. "Kiti tu cha kawaida," akasema.

"Vizuri," nikasema. "Kukaa ni vizuri." Ya tangi la maji sikuyataja, na sitayataja.

Chupa ina bonde ubavuni. Nimeliona papo hapo, nimesema mpaka wakati wa kulala.

Ijumaa, 28 Juni

Amekwenda na basi la asubuhi. Nimemfungia chakula kwenye kopo, nimemwambia akile amekaa. Alinikumbatia sana mlangoni, nikamwambia ataniangusha.

Kabati nimelifuta. Mimi si mtu wa kutunza vumbi. Juu kabisa, ambako sifiki, imebaki nusu moja na mshale wake.

Jumamosi, 29 Juni

Vikombe viwili. Kimoja nimerudisha.

Jumapili, 30 Juni

Simu imelia saa yake.

"Mama, uko salama?"

Neno lilikuwa limeshafika ulimini, limevaa, limechana nywele. Nikalirudisha.

"Uliza swali lingine," nikasema.

"Mama? Kuna nini?"

"Nimesema uliza lingine. Hilo nimelijibu tangu baba yako afariki, na hujawahi kujua kitu."

Nikasikia magari upande wake. Halafu akauliza, na sauti yake ilikuwa ya udogoni, "Jioni unafanya nini, mama?"

Nikamweleza. Kuhusu chupa, kuhusu kuinuka, kuhusu mlango ninaouacha wazi. Sikuongeza na sikupunguza. Nikamsikia analia, nikamwacha, machozi hayajamuua mtu. Akasema mbona sikusema. Nikasema mbona hukuuliza. Akaanza, "Basi mwezi ujao nitaangalia kama..."

Sasa sikiliza, nikamwambia, na naandika hapa ili nisije nikalegea: Usiangalie kitu. Njoo Jumamosi hii, na basi la asubuhi. Utoe salamu kabla hujauliza soketi, viatu uviache mlangoni, na hiyo "tutaongea" yako uje nayo hapa hapa. Kikombe chako kiko kwenye sinia, sikirudishi kabatini. Njoo ukikute, nitakijaza mpaka juu.